Mwaka wa Sauti Ndogo

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, ndiyo siku ya mwisho niliyosoma kanisani kwa sauti yangu ya zamani. Sikujua kwamba ni ya mwisho. Nilisoma, nikafunga Biblia, nikarudi kwenye kiti changu nikifikiria maharagwe niliyoyaacha jikoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Eldoret. Nilizaliwa kando ya ziwa, nikaja huku na mume wangu alipopata kazi ya ufundi wa magari, na tangu hapo tumekaa mtaa wa Huruma, kwanza katika chumba kimoja, sasa viwili na jiko. Kanisani nilikuwa msomaji. Watu walizoea kusema kwamba nikisoma mimi, hata walio nyuma karibu na mlango hawahitaji spika. Hiyo ni sifa ndogo, lakini niliipenda, na sioni sababu ya kujifanya sikuipenda.

Shingoni nilikuwa na uvimbe ambao ulikuwa ukikua polepole hadi kola za blauzi zikawa hazifungiki. Daktari alisema lazima utolewe. Alinieleza mapema, bila kuficha, kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita karibu sana na pale atakapokata.

"Wengi hawapati shida," alisema. "Wachache sauti inapotea kwa muda. Wachache zaidi, hairudi."

Nikakubali. Uvimbe ulitolewa, ukapimwa, haukuwa saratani, na sote tulimshukuru Mungu. Lakini nilipoamka na kutaka kuomba maji, kilichotoka mdomoni kilikuwa pumzi tu.

Nilirudi nyumbani wiki ya kwanza ya Majilio nikiwa na skafu shingoni. Watu walikuja kuniona, wakaketi kitandani na kwenye viti, wakaongea wao kwa wao kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kujibu. Wengine walinisemesha kwa kupaza sauti, kana kwamba mgonjwa wa sauti ni mgonjwa wa masikio pia. Jioni moja nilimpigia mama yangu simu kule nyumbani. Nilijikaza nikasema kwa lugha yetu, "Mama, ni mimi." Akauliza, "Nani?" Nikasema tena. Akasema yeye hana pesa za kutuma kwa mtu yeyote, akakata simu. Alidhani ni wale walaghai wanaowasumbua wazee. Mume wangu alicheka, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka. Alimpigia yeye mwenyewe, akamweleza.

Jumapili ya tatu ya Majilio nilienda kanisani. Kwenye zamu ya wasomaji jina langu ndilo lililokuwa limeandikwa siku hiyo, na somo lilikuwa lile la Isaya kuhusu jangwa litakalochanua maua, kilema atakayerukaruka kama kulungu, na ulimi wa bubu utakaoimba. Kasisi wetu hakufanya hivyo kwa makusudi. Masomo hupangwa na kalenda ya kanisa, na kalenda haimjui mtu. Lakini nilikaa pale katika kiti cha tatu, nikasikia maneno yale kuhusu ulimi wa bubu, na yakanichoma. Nilikuwa nimeyasoma miaka ya nyuma kwa sauti nzuri ya kupanda na kushuka. Sasa niliyasikia kama mtu anayesikia wenzake wakipanga safari ambayo yeye hayumo.

Aliyesoma badala yangu alikuwa mzee mmoja aliyehamia mjini kutoka upande wa Burnt Forest. Alikuwa mrefu, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na kila Jumapili alikaa nyuma na mkewe. Alisoma vibaya. Alifuata maneno kwa kidole, akasimama katikati ya sentensi, akameza mate, akaanza upya. Mahali pa koma alitia nukta. Nilikuwa nikisema maneno yale moyoni kabla hajayafikia, nikimngoja.

Baada ya Krismasi kasisi alikuja nyumbani. Alikunywa chai, akauliza habari za shingo, kisha akasema lililomleta.

"Mwalimu, nataka umsaidie yule Mzee. Anapenda kusoma, lakini hajawahi kufundishwa kusomea watu. Mkutane Jumamosi, mpitie somo la kesho yake."

Nilimwonyesha shingo yangu kwa kidole.

"Hutasoma wewe," alisema. "Yeye atasoma. Wewe utasikiliza."

Nilitaka kukataa. Nilikubali kwa sababu kumkatalia mtu kwa kunong'ona ni kazi ngumu sana. Kila neno linakugharimu pumzi.

Tulikutana Jumamosi katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, pale yanapowekwa majoho na vitambaa vya madhabahu. Siku ya kwanza niligundua jambo ambalo kasisi hakuniambia, au labda hakulijua. Sikio la kushoto la Mzee lilikuwa halisikii, na la kulia lilisikia kidogo. Nilinong'ona, "Soma taratibu, lakini usisimame katikati." Akasema, "Sema tena, Mwalimu." Nikarudia. Akageuza kichwa, akainama, akaleta sikio la kulia karibu na mdomo wangu. Nikarudia mara nyingine. Alipopata maneno, alikaa sawa akanitazama.

"Huyu hana sauti, huyu hana masikio," alisema. "Kasisi ametuchagua vizuri."

Nilicheka. Kicheko changu pia kilikuwa pumzi tupu, lakini yeye alikiona.

Siku hiyo, kwa sababu bado somo la Majilio lilikuwa likinikera, nilimuuliza kama alielewa alichosoma kuhusu kulungu. Nilidhani ni neno la vitabuni tu kwake. Alishangaa.

"Kulungu? Sisi tulikua nao. Msituni kule juu walikuwa wengi." Akafikiri. "Lakini kuna kitu, Mwalimu. Kulungu haruki kwa furaha. Ukimkuta amelala kwenye nyasi, hata humwoni. Ukimkaribia sana ndipo anaruka. Anaruka kwa sababu ameshtuka."

Nilikuwa nimesoma mstari ule pengine mara kumi maishani na sikuwahi kufikiria mnyama wa kweli. Nilienda nyumbani nikiwaza kwamba labda huyo kilema wa Isaya naye hataruka kwa kuwa amejiandaa kufurahi. Labda atashtukia tu miguu imeshamwinua. Wazo hilo lilinisaidia kuliko pole zote nilizopewa, kwa sababu halikunidai niwe na furaha kwanza.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu alinirudisha darasani, gredi ya nne, akisema tujaribu. Niliandika ubaoni zaidi, na nilipotaka watoto wanyamaze nilipiga dawati kwa rula. Katika wiki ya pili jambo la ajabu lilitokea. Darasa zima lilianza kunong'ona. Nikiuliza swali kwa kunong'ona, mtoto anasimama na kujibu kwa kunong'ona. Mwalimu wa darasa la pili alichungulia dirishani kuona kama kuna mtu ndani.

Mtaalamu wa sauti pale hospitalini alinipa mazoezi. Kila asubuhi nilitakiwa kuweka mrija kwenye glasi ya maji na kupuliza huku nikitoa mlio, maji yakitokota mapovu. Mume wangu alisema ninaongea na samaki. Baada ya mapovu nilitakiwa kusoma kitu chochote kwa sauti kwa muda mfupi, bila kujilazimisha. Nilichagua Zaburi kwa sababu mistari yake ni mifupi na mtu anaweza kuvuta pumzi mwishoni.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma Zaburi kama zilivyo, siyo zile tatu nne zinazosomwa kwenye mazishi na harusi. Nilikuta kwamba nyingi ni malalamiko. Mtu analala akilia, kitanda kinalowa. Mtu anamuuliza Mungu ni hadi lini. Kuna moja inayoisha gizani kabisa, bila hata neno moja la kumfariji msomaji. Nilikaa nayo asubuhi moja, chai ikapoa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Mkristo akipata shida anatoa ushuhuda. Hapa kulikuwa na watu waliopata shida na kutoa shida yenyewe, na maneno yao yakaandikwa, yakatunzwa, yakawekwa katika kitabu kimoja na nyimbo za sifa. Nikajiambia, basi na mimi nina mahali pangu humu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa tumaini langu mwaka ule, kama nikitakiwa kusema lilianzia wapi. Lilianza kwa kuruhusiwa kulalamika.

Kwaresima iliingia. Tulipakwa majivu, kitambaa cha zambarau kikarudi madhabahuni. Mzee alikuwa ameanza kusoma vizuri zaidi. Hakuwahi kuwa mwepesi, lakini alijifunza kufika mwisho wa sentensi kabla ya kupumua. Mimi nilikuwa nimepata kitu kama sauti, chembamba na chenye mikwaruzo, kinachokuja na kuondoka.

Jumamosi moja tulikuwa na somo la Mwanzo, pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake na nyumba ya baba yake. Mzee alisoma mistari michache, akanyamaza. Nilidhani amepotea, nikamwonyesha mahali kwa kidole.

"Naona," alisema. "Nafikiria tu. Huyu alikuwa mzee alipohama."

"Miaka sabini na mitano," nilisema kwenye sikio lake la kulia.

"Mimi nilikuwa mdogo kuliko huyo." Alivua miwani. "Mwalimu, unajua mke wangu ni Mkikuyu."

Nilikuwa najua. Kanisani watu hujua.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, Wakikuyu walipofukuzwa pande zile, nyumba yao ilichomwa. Mkewe alikuwa ametoroka siku moja kabla, akipita mashambani na majirani wengine, na njiani aliona mambo ambayo hajamwambia mtu hadi leo, hata yeye mumewe. Watu walipotulia na serikali ikasema warudi, mkewe alisema hatarudi. Ndugu zake Mzee walimshauri aoe mwingine, shamba lisikae bila mwanamke.

"Nikauliza, nioe mwingine kwa nini, na wangu yuko hai hapo mjini?" alisema. "Yeye alikataa kurudi. Kwa hivyo mimi ndiye nilikuja."

Alimwachia mdogo wake shamba, akauza ng'ombe, akaja Eldoret kupanga nyumba. Kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa usiku kwenye bohari la mbolea, na ndiko masikio yalikozidi kuharibika, alisema, kwa baridi. Sijui kama baridi hufanya hivyo. Sikumbishia.

"Haya," akasema, akavaa miwani. "Abramu aliambiwa aende wapi?"

"Hakuambiwa," nilisema. "Aliambiwa ataonyeshwa."

"Sawa," akasema, na akasoma hadi mwisho.

Wiki chache baadaye likaja somo la Ezekieli, bonde lililojaa mifupa mikavu. Mzee alilisoma kimya peke yake kwanza, kama nilivyomzoesha. Kisha alifunga Biblia.

"Hili siwezi."

Nilidhani ni ugumu wa maneno. Nikamwambia tutaligawa vipande.

"Si hivyo. Nimemwambia mke wangu jana kwamba ni mifupa. Amesema kesho haji. Kama haji kwa sababu ya somo, mimi siwezi kusimama mbele nikilisoma."

 Nje akina mama walikuwa wakifagia kanisa, tulisikia viti vikisukumwa. Hapakuwa na msomaji mwingine wa kuombwa kwa haraka hivyo. Kijana wa zamu ya akiba alikuwa amesafiri kwao.

"Nitasoma mimi," nilisema.

"Na sauti?"

"Itafika itakapofika."

Jumapili asubuhi nilipuliza mapovu yangu, nikanywa maji vuguvugu, nikavaa skafu. Mume wangu aliniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia hapana. Nilipopanda ngazi hadi kwenye meza ya kusomea, fundi wa spika aliongeza sauti hadi mitambo ikapiga mluzi, akapunguza kidogo. Nikaangalia nyuma. Mzee alikuwa mahali pake. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Lakini karibu na mlango, kwenye benchi la watu wanaochelewa, niliona kitambaa cha kichwa cha kijani ambacho nilikijua. Mkewe alikuwa amekuja. Alikaa pale ambapo mtu anaweza kutoka bila kuwasumbua wengine.

Nilisoma. Sauti ilikuwa kama karatasi inayokunjwa, lakini maiki iliichukua. Kanisa lilinyamaza kwa namna ambayo halikuwahi kunyamaza nilipokuwa nikisoma vizuri. Watu walikuwa wakiinama mbele. Nilisoma jinsi mkono wa Bwana ulivyomchukua nabii na kumtembeza kati ya mifupa, na kwamba ilikuwa mingi, na mikavu sana. Nilifika pale Mungu anapomuuliza kama mifupa hii inaweza kuishi. Nikasoma jibu la nabii, ambalo ni fupi. Hasemi ndiyo, wala hasemi hapana. Anasema, Bwana, wewe ndiwe unayejua.

Hapo sauti ikakatika. Nilivuta pumzi, nikajaribu tena, hakuna. Nikanywa maji. Hakuna. Nilisimama mbele ya watu wote na kidole kwenye mstari, mifupa ikiwa bado imelala bondeni, na sikuweza kuiinua.

 Kisha nikaona koti la sufu likija katikati ya viti. Mzee alipanda ngazi, akasimama kando yangu, akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaangalia ukurasa. Kisha akaniinamia na kuuliza, kwa kile alichodhani ni kunong'ona:

"Wapi?"

Maiki ilikuwa wazi bado, na fundi alikuwa ameiongeza kwa ajili yangu. Neno lile lililipuka kwenye kuta zote nne. Kanisa zima likacheka, kasisi naye, mimi na Mzee pia. Nikamwonyesha mstari. Akaanza kusoma, taratibu kama kawaida yake, kidole kwenye karatasi: mfupa ukauendea mfupa mwenzake, mishipa ikaja, nyama ikaja, na mwisho pumzi. Hakumaliza sentensi zote kama nilivyomfundisha. Hakuna aliyejali. Nilisimama pembeni yake hadi alipofika mwisho.

Baada ya ibada mkewe alinikuta langoni. Kwa muda wote huo hatukuwa tumezungumza zaidi ya kusalimiana. Alinishika mkono, akaangalia shingo yangu bila aibu kama mama anavyoangalia kidonda cha mtoto.

"Asubuhi unakunywa nini?" aliuliza.

"Chai, Mama."

"Moto?"

"Moto."

"Uache. Iwe vuguvugu. Na usiongee ukiwa umesimama kwenye upepo." Kuhusu somo hakusema lolote. Wala mimi sikumuuliza kwa nini alikuja. Hadi leo sijui.

Ijumaa Kuu kanisani kwetu hakuna kengele wala ngoma. Kwa mara ya kwanza sikuwa tofauti na wengine. Pasaka yenyewe tulisoma habari za Mariamu anayelia kaburini, anayemwona Bwana na kudhani ni mtunza bustani, hadi anapoitwa jina lake. Aliijua sauti. Nilikuwa nimesimama na wenzangu tulipofika hapo, nikakumbuka simu ya mama yangu, na machozi yakaja. Alasiri nilimpigia. Nilisema, "Mama." Akasema, "Ndiyo, mwanangu, nimekusikia." Wakati ule alikuwa ameshaizoea sauti mpya. Aliniambia inafanana na ya bibi yangu, mama yake yeye, ambaye mimi sikumkuta. Kwa hivyo nilikuwa nimepoteza sauti yangu na kupata ya mtu niliyetamani kumjua. Tuliongea habari za mvua na mbuzi hadi salio likaisha.

Pentekoste kasisi alitaka somo lisomwe kwa lugha nyingi, jinsi kila mtu siku ile Yerusalemu alivyosikia kwa lugha ya kwao. Alinipangia mstari mmoja kwa Kijaluo. Mzee alipewa Kikalenjin. Tulipokuwa tukijiandaa Jumamosi, mkewe alikuja kumchukua, akakaa akingoja, mkoba mapajani. Kasisi alipita akamwona.

"Mama, na wewe utusomee mstari mmoja kwa Kikuyu."

"Mimi? Hapana."

"Mmoja tu."

Alitazama mkoba wake. Mzee hakumsaidia wala kumsukuma. Alijifanya anatafuta kurasa.

"Mimi kwa hii miaka yote sijaongea lugha yangu kwa sauti nikiwa nje ya nyumba," alisema mwishowe. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Hata simu naongelea ndani."

Kasisi alitaka kuomba msamaha, nilimwona. Lakini Mama aliendelea: "Mstari gani?"

Siku iliyofuata alisoma mstari wake.  Aliusoma haraka, mara moja, akageuka kurudi mahali pake. Kutoka upande wa kulia, wanapokaa wakulima Wakalenjin wa kutoka Soy na familia zao, mzee mmoja aliitikia kwa nguvu, "Amina." Mama alisimama kidogo katikati ya viti, kisha akaenda kukaa. Safari hii alikaa karibu na mumewe.

Baada ya hapo kanisa lilirudi kwenye vitambaa vya kijani, ile miezi mirefu isiyo na sikukuu kubwa, ambayo zamani niliiona kama inayochosha. Julai, baridi ikiwa kali, tulikuwa na mfano wa mpanzi. Mzee aliusoma mara mbili, akatikisa kichwa.

"Huyu mkulima ni wa namna gani? Anamwaga mbegu njiani. Anamwaga kwenye mawe. Kwetu baba yake angemnyang'anya hiyo mbegu."

"Pengine hakujua mawe yako wapi," nilisema.

"Mkulima anajua shamba lake." Alifikiri. "Isipokuwa amekaa miaka mingi bila kwenda."

Kisha akaniambia kwamba mkewe ameuliza kama viazi vya mwaka huu vimekuwa vizuri. Hakuwahi kuuliza tangu wahamie mjini. Mzee alimwambia hajui, mdogo wake ndiye anajua. Mkewe akasema basi waende waone. Aliyasema hayo akiosha sufuria, Mzee alisema, na hakugeuka.

Mume wangu aliazima pikapu ya karakana, na Jumamosi tulienda wanne. Mama aliomba niwepo. Alikaa nami kiti cha nyuma, dirishani, na tulipokaribia Burnt Forest aliacha kuongea. Mzee naye, mbele, alikuwa akielekeza kwa mkono tu: kulia, mbele, hapa.

Mdogo wake Mzee na mkewe walitungoja kwenye lango la miti. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Walisalimiana na Mama kwa mikono miwili. Kisha Mama akaanza kutembea, nasi tukafuata. Alienda moja kwa moja, bila kuonyeshwa njia, hadi mahali palipokuwa na viazi, mistari mirefu ya majani mabichi yenye maua meupe. Alisimama ukingoni. Nilielewa kwamba hapo ndipo ilipokuwa nyumba yao iliyochomwa.

 Mke wa shemeji yake alikuwa akivutavuta leso yake. Mimi niliomba moyoni, na maombi yangu yalikuwa yale ya nabii tu, kwamba yeye anajua. Sikuwa na mengine.

Mama aliinama, akafukua kwa vidole chini ya shina moja, akatoa kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba.

"Mmepanda karibu karibu sana," alisema.

"Sana?" aliuliza mke wa shemeji.

"Sana. Ona, havina nafasi ya kunenepa. Hapa chini udongo ni mzuri, unaweza kuacha hatua nzima." Akaonyesha kwa mguu. "Nani aliwaambia mpande hivi?"

Mke wa shemeji alimnyooshea mumewe kidole. Mumewe akasema ni kwa sababu ya mbegu nyingi. Wakaanza kubishana wote watatu, huku wakiingia kati ya mistari, na Mama akifukua hapa na pale. Mzee alibaki ukingoni pamoja nasi. Alikuwa amevua kofia.

Tulikunywa chai jikoni kwa mke wa shemeji, karibu na moto. Mama aliketi kwenye kigoda, akala kiazi cha kuchemsha kwa chumvi, akasimulia habari za Huruma, jinsi maji yanavyokatika. Hakuna aliyetaja mwaka ule. Sikuona kwamba walikuwa wanaukwepa. Waliongea kama watu wenye mambo ya siku nyingi ya kuambiana kwanza.

Mvua ilianza tulipokuwa tukipakia gunia la viazi. Mke wa shemeji alisimama kando ya pikapu, akamuuliza Mama kama atakuja wakati wa kuvuna. Mama alisema atakuja, awaonyeshe namna ya kuchagua mbegu. Kisha, mume wangu alipowasha gari, aliongeza kupitia dirishani:

"Lakini kulala, sitalala."

"Ni sawa," alisema yule mwanamke. "Utakuja asubuhi."

Mzee naye alisema ni sawa, tuondoke kabla barabara haijaharibika. Mama alipandisha kioo. Alikuwa bado na udongo kwenye kucha, na njia nzima hadi mjini aliutoa taratibu, kucha moja baada ya nyingine, akinieleza namna mbegu ya kiazi inavyochaguliwa.